Anayesema "Naweza" Mbele ya Hakimu

Je, ni halali kwa Mkristo aliye wakili kumwandaa mgonjwa namna ya kueleza ugonjwa wake? Huko Marekani mawakili hulazimika kuendelea kusoma hata wakiwa na leseni. Katika jimbo la Texas ni saa 15 kila mwaka, na 3 kati ya hizo ni za maadili ya kazi. Yako masomo yanayohusu madai ya mafao ya ulemavu, yaliyoingizwa katika hifadhi ya jamii kwa sheria ya mwaka 1956. Wakili hujifunza kusoma kumbukumbu za hospitali, kumhoji mtaalamu wa ajira, na kumwandaa mteja. Hapo penye kuandaa ndipo dhamiri zetu zinaposhtuka, maana Amri ya Nane tumeijua tangu kipaimara.

Sheria yenyewe ni ngumu. Kuumwa hakutoshi. Lazima uthibitishe kwamba huwezi kufanya kazi ya kukupatia kipato cha kutosha, na kwamba hali hiyo imedumu au itadumu miezi 12, au itaishia kifoni. Sasa tumfikirie mtu wa miaka 55 aliyebeba mizigo bohari tangu ujana. Hakimu anamwuliza: Unaweza kupika? Naweza. Kwenda kanisani? Naweza. Hasemi kwamba hupika akiwa ameketi, wala kwamba ibada moja humlaza kitandani kutwa nzima siku ya pili. Ana haya. Maisha yake yote amejihesabu kuwa mtu kwa sababu anafanya kazi. Jibu lake ni la heshima, lakini si la kweli.

Kwa hiyo wakili anayemwuliza "Kwa dakika ngapi? Na kesho yake?" hamfundishi uongo; anamtoa humo. Luther naye, katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kwenye katazo, bali alitutaka tumtetee jirani.

Hatari tunayoiona iko kwenye fedha. Kwa kawaida wakili hapati ujira mteja akishindwa. Akishinda, huchukua asilimia 25 ya malimbikizo, mradi isizidi kikomo cha serikali. Utaratibu huo umewafungulia mlango wasio na kitu, nasi tunausifu. Lakini pia humvuta wakili kuchagua kesi nyepesi. Yule asiye na karatasi za daktari, kwa kuwa hakuwa na fedha ya kumwona daktari, ndiye anayeachwa. Sidhani, na wachungaji wenzangu hawadhani, kwamba saa 3 za maadili zinatosha kuponya hilo.

Mgonjwa wa birika la Bethzatha, katika Yohana 5, alikuwa ameugua miaka 38. Yesu alipomwuliza kama anataka kupona, hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza kwamba hana mtu. Na hapa kwetu, mfanyakazi aliyeumia kazini naye hukabidhiwa fomu za fidia azijaze, mara nyingi akiwa peke yake mezani, huku usharika wake una wauguzi wastaafu na makarani wanaojua fomu hizo tangu zamani.