Mtu wa Mwisho Kuigusa

Raspberry Pi ina taa mbili ndogo ukingoni. Nyekundu inasema umeme umefika. Ya kijani humeta mashine inaposoma kadi yake ya kumbukumbu, na mambo yakikwama huwa inahesabu: ikimeta mara nne nne, faili ya kuanzishia iitwayo start.elf haikupatikana, mara saba saba, kiini cha mfumo ndicho kimekosekana. Yaani kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyoingia sokoni Februari 29, 2012 kwa dola 35, inaweza kukuambia inaumwa wapi. Nani alaumiwe, haisemi. Sisi hutaka kujua hilo kwanza, na nimekuwa nikijiuliza kama tuna haki ya kulitaka kwanza.

Huku Gesima, Nyamira, kuna chumba kimoja cha vitabu chenye Pi inayoendesha Kolibri, programu inayowapa wanafunzi masomo na video bila intaneti. Wiki moja ya mvua ikakataa kuwaka. Nilipoitwa, sijafungua hata kasha, kamati ilikuwa na jibu tayari. "Kijana, hii kitu ilikuwa sawa mpaka yule mama alipoigusa," mzee mmoja akaniambia. Yule mama ni omong'ina anayefagia pale. Alikuwa amepangusa vumbi mezani, akafunga mlango, akaenda zake. Mwingine akashusha sauti: unajua ni mjane, na watu husema mambo.

Hayo "mambo" huku kwetu si utani. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati uliowaita wachawi. Mei 2008, Kisii hiyo hiyo, walichomwa watu 11. Sheria ya Uchawi tunayo tangu enzi za Mwingereza, 1925. Haikuwafaa kitu.

Ni rahisi kusema wauaji hawakusoma. Mimi sikubali. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande wa Sudan, anaeleza ghala linaloporomokea watu waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kabisa kwamba mchwa walikula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ile ile, hawa wakiwa chini. Sayansi inajibu la mchwa. Kwa hilo la pili inakuambia ni bahati mbaya. Hebu jaribu kumwambia mzazi aliyezika mtoto kwamba ni bahati mbaya. Uchawi una nguvu kwa sababu unakupa kitu cha kufanya leo, na mtu wa kumfanyia.

Ufundi pia unakupa kitu cha kufanya, ila ni kazi ya kuchosha. Unabadilisha kitu kimoja, unaangalia, ndipo unagusa kingine. Ukibadilisha kadi, kebo na chaja kwa mpigo na mashine ikawaka, hujajifunza lolote. Nilichomoa kibodi na kila kisichohitajika. Nikaweka kadi yangu: ikawaka, kwa hiyo bodi ni nzima. Lakini ile taa nyekundu ikawa inazimazima. Kwenye modeli ile hiyo ni dalili kwamba umeme unashuka chini ya volti 4.63, na inahitaji 5. Kumbe ilikuwa inalishwa na chaja ya simu kupitia kebo nyembamba. Nikaazima chaja nyingine, taa ikatulia. Kadi ya zamani nikaisoma kwenye laptopu: mafaili yamevurugika. Umeme dhaifu, halafu stima inapotea radi zikianza huku kadi bado inaandikwa. Kitambaa cha vumbi hakifuti start.elf.

Fundi huanza na kebo kwa sababu kebo ikionekana haina kosa, unairudisha tu, haijapoteza kitu. Jina la mjane utalirudisha vipi? Ndiyo maana naona mpangilio wa maswali ni suala la haki kabla ya kuwa suala la ufundi.

Nilipomaliza kueleza, mzee akaniuliza, "Sawa, ni chaja. Lakini kwa nini siku yake?" Swali la Wazande lenyewe.

"Mzee," nikamwambia, "siku zote ni zake." Anayefungua na kufunga mlango kila siku atakuwa wa mwisho kugusa karibu kila kitu kitakachoharibika mle ndani. Waliokuja mara moja kwa mwezi kupiga picha hawawezi kushukiwa, hawakuwepo. Nikafikiria vibibi wa vijijini, wale wanaokaa na wagonjwa usiku, wanaoitwa mtoto akizaliwa. Kifo kikija, wao wako chumbani.

Sisemi hakuna anayewajibika. Chaja ile ilinunuliwa na kamati, kwa kubana pesa, na hapo nilinyoosha kidole bila aibu. Walichanga ya chaja bora na kadi mpya.

Tulipokuwa tunaagana mlangoni, mwenyekiti akawaambia wenzake kwamba ufunguo mama abaki nao, ila asikaribie tena ile meza. Nikaweka mkoba chini, nikarudi ndani.