Mmea wa Lupango Ukivuka Mpaka, Deni ni la Nani?

Mmea wa lantana wengi wetu hapa Kivu tunaujua: maua ya rangi rangi, harufu kali. Asili yake ni Amerika ya joto, ukaletwa kwa urembo na kwa kuzungushia lupango. Ndege wanakula matunda yake na kuangusha mbegu mbali. Ng'ombe akila majani, ini linaharibika, ngozi inaungua kwa jua.

Jirani akilalamika, mwenye lupango anajibu: «Sikupanda kwako, ni ndege.» Jibu hilo linatosha?

Tusome Kutoka 21, juu ya ng'ombe anayeua ng'ombe wa mwingine. Kama tabia yake haikujulikana, wenye ng'ombe wanagawana hasara. Kama ilijulikana, na mwenyewe hakumfunga, analipa yote. Sisi tunaona lantana ni vilevile. Mara ya kwanza wote wawili washike jembe (tena kukata tu ni bure, kisiki kinachipuka, mizizi itoke). Lakini aliyekwisha kuonywa, akaacha matunda yaive tena, ang'oe peke yake, pande zote mbili. Mjane asiye na nguvu, mashemasi tutamsaidia.