Usimsimange Mama Yako kwa Sukari

Mpwa wangu, nimelisema hili hata koo limechoka, lakini kaa nikwambie tena. Acha kumsimanga mama yako. Kipimo chake cha kisukari kikipanda tu, unapekua makabati kutafuta sukari aliyoficha, kama polisi anayesaka gongo. Chakula kina sehemu yake, sibishi. Ila tazama anapoishi: Manzese, dirisha limeelekea Barabara ya Morogoro, daladala zinatema moshi tangu alfajiri. Wewe mwenyewe unawasha jiko la mkaa koridoni, na jioni mnachoma taka na mifuko ya nailoni nyuma ya nyumba.

Chembe za moshi huo ni nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi. Zinapita mapafuni hadi kwenye damu, mwili unabaki na uvimbe wa ndani kwa ndani, na insulini inashindwa kazi yake. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2016 pekee watu milioni 3.2 duniani walipata kisukari kutokana na hewa chafu. Wote hao nao waliiba sukari?

Halafu joto. Siku hizi msimu wa kaskazi hata usiku hakupoi. Aliyeishi na kisukari miaka mingi neva zake huchoka, jasho halimtoki sawasawa. Maji yakimpungua mwilini, sukari inapanda. Akijidunga mwili ukiwa na joto, insulini inaingia damuni upesi, sukari inashuka ghafla, anatetemeka. Wewe unasema anadeka.

Na kile kichupa cha insulini unachokiweka juu ya kabati, chini ya bati! Kisichofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kinachotumika kisipate joto la zaidi ya nyuzi 30, na kwa kawaida hakipiti wiki 4. Umeme ukikatika, tafuta vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati, kichupa ukifunge kwenye mfuko kisilowe, kikae katika chungu cha ndani. Kwa unyevu huu wa Dar chungu hakipoi kama kingepoa Dodoma, lakini afadhali hicho kuliko bati. Barafu usikiguse nayo. Insulini ikishaganda imeharibika. Na hicho kilichokwisha kupigwa joto, kukirudisha kwenye friji hakukiponyi. Kesho mpeleke kliniki akabadilishiwe, na kabla hamjatoka, hilo jiko lihamishie uani.