Damu ya Mtoto, Kosa la Nani?

Huko Mbaga, Upare wa Kusini, kuna mwamba uitwao Malameni. Wenyeji husimulia kwamba hadi miaka ya 1930 watoto waliodhaniwa kuzaliwa na mkosi walitolewa kafara hapo ili balaa lisiukumbe ukoo. Wakati huo wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walikuwa wameshafika Mbaga, na Waadventista Wasabato walikuwa Giti tangu 1903. Kafara ilikoma. Swali lililowapeleka watoto mwambani halikukoma. Bado huulizwa, mara nyingi kwa kunong'ona, mtoto anapovimba viganja na nyayo, macho yakawa ya manjano, akalia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa: nani kakosa katika nyumba hii?

Katika madarasa ya kidato cha nne mjini Same, mwalimu wa biolojia hujibu kwa kuchora mraba ubaoni. Juu huandika A na S za baba. Pembeni, A na S za mama. Kisha hujaza vyumba vinne: AA, AS, AS, SS. Kila mimba ya wazazi hao ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, ugonjwa wenye dalili zile, na hesabu hiyo huanza upya kila mara, hata kama mtoto aliyetangulia alikuwa mgonjwa. Anayeukariri mraba kwa ajili ya mtihani huziona herufi tu. Anayeutafakari huona kwamba wazazi wote wawili ni wazima, hawakujua walichobeba, na wamechangia sawa. Lawama inayomwangukia mama peke yake, kama inavyotokea katika nyumba nyingi, haina mahali pa kukaa.

Kosa lenyewe, ikiwa neno hilo linafaa, ni herufi moja katika kinasaba cha himoglobini. Kwa sababu yake, asidi ya glutamiki hupisha valini. Chembe nyekundu ikikosa oksijeni hujipinda, huziba mishipa midogo, na badala ya kuishi siku 120 huishi kati ya 10 na 20.

Kitu kinachoua namna hii kingepaswa kupungua kizazi baada ya kizazi. Mbona hakikupungua? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alianza kuichunguza damu ya watu wa Afrika Mashariki mwaka 1949. Aliona kwamba waliobeba kinasaba hiki walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha jibu: malaria. Mtu wa AS, mwenye nakala moja tu, hukingwa. Utafiti wa Kilifi umekadiria baadaye kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali hufikia asilimia 90.

Hapo somo la mageuko huingia kanisani na msikitini bila kubisha hodi. Kinasaba kilichomuua mtoto mmoja huenda ndicho kilichombakiza hai kaka yake. Waadventista, ambao mwaka 2015 walisisitiza katika imani zao kwamba uumbaji ulikuwa wa siku sita na wa karibuni, hawalazimiki kuligombania badiliko hili, kwa kuwa limetokea ndani ya wanadamu wenyewe. Utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa lilianza miaka 7,300 hivi iliyopita. Wapo waumini wanaolieleza kuwa tunda la Anguko. Maelezo hayo hayatoshi. Kama ni uharibifu mtupu, kwa nini uwe ngao? Na kama ni mpango, ni mpango gani unaomlipia AS uhai kwa maumivu ya SS? Katika Yohana 9, Yesu anaulizwa kama aliyezaliwa kipofu alikosa mwenyewe au walikosa wazazi wake, naye anakataa yote mawili. Mraba wa ubaoni unakubaliana naye. Lakini kumwondolea mtu hatia hakujaeleza bado kwa nini anaumia, na mhubiri mwaminifu asijifanye kwamba kumeeleza.

Ushahidi mmoja muhimu kuhusu chanzo cha maumivu hayo umetoka Upareni kwenyewe. Kuanzia 1955 hadi 1959, katika mradi wa kupambana na malaria uliojulikana kwa jina la Pare-Taveta, vijiji vya tambarare iliyo chini ya milima vilipuliziwa dieldrini, dawa ya kuua mbu. Wapuliziaji waliingia nyumba kwa nyumba wakilowesha kuta na mapaa kwa ndani, kwa sababu mbu akishashiba damu hutua ukutani. Dawa hiyo leo imepigwa marufuku kimataifa kwa sumu yake. Hata hivyo vimelea vya malaria vilipungua sana katika damu za watu na vifo vya watoto wachanga vikashuka. Upuliziaji uliposimama, malaria ilirejea polepole.

Wanafalsafa wamezoea kutenga maovu ya asili na maovu ya watu. Baada ya Pare-Taveta mpaka huo haukai sawasawa. Pasipo malaria, S haina faida yoyote kwa anayeibeba; na malaria ni jambo ambalo watu waliweza kulipunguza, kisha wakaacha. Tanzania huzaa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Muhimbili ina mradi wa kuwafuatilia wagonjwa tangu 2004, dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uboho mwaka 2023. Mwaka huohuo Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kuhariri vinasaba vya chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Marekani inauzwa dola milioni 2.2. Bei hiyo haikupangwa na uteuzi asilia.

Limebaki suala la ndoa. Mchungaji au shehe anayewashauri wachumba wapime damu kabla ya harusi anawatendea haki. Akiyafanya majibu kuwa sharti la kufungishwa ndoa, amerudia kuwachambua watu kwa mkosi, safari hii kwa karatasi ya maabara. Wachumba wa AS na AS wapewe mraba ule na muda wa kuuelewa, waambiwe dawa zinapatikana wapi na kwa gharama gani, kisha waamue wenyewe. Na wakipata mtoto wa SS, jumuiya iliyowabariki imkatie bima ya afya.