Moshi wa Pikipiki na Jasho la Chukudu

Jumapili moja hapa Butembo, watu walipokuwa wakitoka Misani, kijana mmoja mwenye kubeba abiria kwa pikipiki alituuliza mbele ya wote: "Mwalimu, ninyi mwatufundisha kwamba moshi waharibu uumbaji wa Mungu. Basi, kupanda pikipiki ni dhambi?" Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, maana asubuhi ile tulikuwa tumefika kanisani kwa pikipiki, na njia yenyewe haizidi robo saa kwa miguu. Tulimwahidi kumjibu kwa maandishi.

Wasomaji wetu waijua nchi hii. Butembo imekaa juu milimani, karibu kabisa na ikweta. Beni iko upande wa kaskazini, mwendo wa kilometa 50 na zaidi, tena chini zaidi na penye joto. Mapadri Waasumpsionisti walipofika huku mwaka 1929 makatekista waliwasaidia kwa kwenda kwa miguu kutoka kilima hadi kilima, wala hakuna aliyewasifu kwa ajili ya hewa safi; hawakuwa na njia nyingine. Siku hizi pikipiki zimejaa kila njia, na mafuta yake huja kwa malori kutoka Uganda kupitia Kasindi. Mama auzaye mboga kando ya barabara huvuta moshi ule tangu asubuhi hata jioni, naye hana pikipiki, wala mjomba mwenye pikipiki.

Hapo ndipo swali linapogusa haki. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mtu aweza kuwa na mali yake, lakini katika kuitumia aihesabu kama ya wote, awe tayari kumgawia mhitaji. Ikiwa ni hivyo kwa shamba na nyumba, vitu vyenye mwenyewe, si zaidi kwa hewa isiyo na mwenyewe? Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu sote, akaonyesha kwamba maskini ndio waumizwao kwanza inapoharibiwa. Twajua vema kwamba moshi wa Butembo ni kidogo sana ukilinganishwa na ule wa Ulaya, Marekani na China. Atuambiaye kwamba sisi ndio tulioharibu majira ya mvua atuonea. Lakini wingi wa dhambi za jirani haugeuzi dhambi yetu kuwa sadaka.

Wengine watajibu upesi: turudie chukudu! Kweli ni chombo cha kustahili sifa. Ni mti mtupu: ubao mrefu, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa matairi ya zamani, na usukani kama pembe za ng'ombe. Kijana hupiga goti moja juu ya ubao, akaisukuma ardhi kwa mguu mwingine, na kwenye mteremko hushuka mbio na magunia ya viazi, ndizi au mbao. Chukudu hainywi mafuta, haitoi moshi, na ikivunjika hutengenezwa kwa shoka na misumari. Huko Goma wameisimamishia sanamu kubwa.

Hata hivyo tulimsimamisha mmoja wao, tukamsifu kwa kazi yake isiyo na moshi. Akatutazama, jasho likimtiririka, akasema: "Mwalimu, mimi kupanda mlima nasukuma kwa kifua. Mkiisha kunisifu, mwanipunguzia bei." Tukanyamaza. Ni kweli tunapatana naye mpaka senti ya mwisho, na hatufanyi hivyo kwa mwenye lori. Njia ya kusafiri isiyochafua hewa, lakini inayolipwa kwa mgongo wa maskini, haijawa bado njia ya haki.

Tena magunia yake siku ile yalikuwa ya makala. Makala hutoka kwenye miti, na katika mkoa wetu miti mingi imekatwa bila ruhusa hata ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyowekwa tangu mwaka 1925. Chombo safi, mzigo una deni. Wala hatuwezi kumlaumu kijana peke yake, kwani makala yale yalikuwa yanakwenda jikoni kwetu.

Na liko jambo ambalo mwenye kukaa mahali pa amani asingelifikiri. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni wamechinjwa mashambani na njiani. Mtu akimpakia mama yake na watoto wawili juu ya pikipiki moja ili awahi kabla ya giza, nani atamwuliza habari za moshi? Sisi hatutamwuliza.

Kwa hiyo, ndugu kijana, majibu yetu ni kwamba hapana, kupanda pikipiki si dhambi. Mpeleke mgonjwa hospitalini, mpeleke mkunga, ulishe watoto wako. Lakini usiache injini ikinguruma saa nzima ukingojea abiria, na usikawie kuitengeneza inapotoa moshi mweusi. Kosa kubwa zaidi ni letu tulio nyuma yako: twapanda kwa uvivu, na mara nyingine ili tuonekane na majirani kwamba tumepanda. Mwenye miguu mizima na njia salama, anayetaka kubebwa mpaka mlangoni pa kanisa, ajiulize haja yake ni ipi.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa miguu. Kijana yule akatupita, akasimama, akasema: "Mwalimu, panda, leo bure." Tukamwomba azime aje tuongee. Akazima. Akaisukuma pikipiki yake kando yetu mpaka kanisani, akitueleza bei ya mafuta na deni la tajiri wake, na kengele ya pili ikalia tukiwa bado njiani.