Kazi na Ajira: Haki ya Mtendaji

Kazi ni lile analolitenda mtu kwa mikono na akili yake, ilhali ajira ni mkataba ambao kwao mtu humtolea mwingine muda au nguvu zake kwa ujira. Wanazuoni wa fikihi ya Kiislamu waliuchambua mkataba huo kwa makini, wakamtofautisha mwajiriwa wa mtu mmoja, anayestahili malipo kwa kuutoa muda wake hata kama siku hiyo hakupewa la kufanya, na mwajiriwa wa wote, kama vile mshonaji, ambaye hudai ujira nguo ikishakamilika. Ikiwa basi mtu aweza kuwa na ajira bila kazi, kinyume chake pia ni kweli: mwanamke wa Muyinga, nchini Burundi, anayechuma kahawa yake punje kwa punje, akiziacha mbichi tawini na kuwahi kuzifikisha nyekundu kituo cha kuoshea kabla hazijachacha, hana mwajiri, wala hakuna mwenye haki ya kumwita asiye na kazi. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na utu wa anayeitenda.

Hata hivyo, kuna wanaoisifu kazi ili wakwepe ujira, na dhuluma hiyo ni kubwa kuliko ya kumwita mtendaji asiye na kazi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wakulima wa Burundi kupanda kahawa, na Warundi wengi wakavuka mpaka kwenda Uganda na Tanganyika kutafuta kibarua. Kwao ajira, pamoja na ugumu wake wote, ilikuwa nafuu, kwa sababu mkataba una kiwango, una malipo na una mwisho. Nyumbani, ubugererwa, yaani utaratibu wa kumtumikia mwenye ardhi ili kupata mahali pa kulima, haukuwa na mipaka ya namna hiyo, na ulifutwa kisheria mwaka 1977 tu.

Tofauti ya kazi na ajira huonekana pia katika ngoma: huko Gishora, karibu na Gitega, upigaji wa ngoma za kifalme, ulioingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, ni utumishi uliorithishwa katika koo, na wapiga ngoma wamekuwa wakialikwa pia harusini kwa malipo. Malipo hayo hayaishushi hadhi ngoma. Asiyealikwa hubaki mpiga ngoma vilevile, lakini aliyealikwa akapiga, kisha akarudi mikono mitupu, amedhulumiwa, hata akisifiwa kwamba ameitumikia mila.