Kuta za Tanuri

Somo: 2 Wakorintho 12:14–15



Biblia inapotaja tanuri, sisi wahubiri hukimbilia moto. Tumehubiri mara nyingi juu ya dhahabu isafishwayo na mateso yakomazayo. Juma hili tuutazame udongo, yaani zile kuta zinazoushika moto usitawanyike. Wanaotufundisha jambo hili vizuri ni mafundi wa Okuizumo, katika mkoa wa Shimane, magharibi mwa Japani.

Huko hutengenezwa tamahagane, feleji ambayo wahunzi wa Japani huitumia kufulia panga, ambazo leo huthaminiwa kama kazi za sanaa. Uyeyushaji huo ulikoma vita vilipokwisha mwaka 1945, ukafufuliwa mwaka 1977 na chama kinachohifadhi panga hizo. Tanuri lake, liitwalo tatara, ni la udongo, lina umbo la sanduku, na hujengwa upya kila kazi inapoanza, wakati wa baridi. Siku tatu, usiku na mchana, mafundi humwaga mkaa na mchanga wa chuma kila baada ya nusu saa hivi, huku hewa ikisukumwa ndani kupitia matundu yaliyo chini ya kuta. Fundi mkuu, murage, huusoma moto kwa rangi ya ndimi zake na kwa mngurumo wake. Huingia karibu tani 10 za mchanga na tani 12 za mkaa. Hutoka bonge moja la tani 2.5 hivi, na ni sehemu tu ya bonge hilo inayofaa kwa upanga.

Sasa ziangalie kuta. Mkaa huiondoa oksijeni iliyo katika mchanga na kukipa chuma kaboni ya kukifanya kigumu. Lakini moto peke yake hauutoi uchafu wote. Udongo wa kuta huyeyuka kidogo kidogo, ukashikamana na uchafu huo, ukatiririka nao hadi nje kama mavi ya chuma. Feleji inavyozidi kukua, ndivyo kuta zinavyozidi kuliwa kutoka ndani. Siku ya tatu huwa nyembamba, hazina nguvu tena. Hapo murage husimamisha kazi, tanuri likabomolewa, na bonge likatolewa.

Udongo una kazi nyingine tena mbele ya safari. Kabla ya kuutia upanga uliopashwa moto ndani ya maji, mhunzi huwa ameupaka udongo, mzito mgongoni na mwepesi kwenye makali. Makali hupoa ghafla yakawa magumu. Mgongo hupoa taratibu, ukabaki mnyumbufu usivunjike. Kisha udongo huo nao huondolewa. Anayeutazama upanga katika makumbusho huuliza jina la mhunzi. Nani huulizia udongo?

Paulo aliwaandikia Wakorintho, kanisa lililomsumbua kuliko mengi, lililodharau usemi wake na kumlinganisha na mitume wa kujisifu. Anawaambia kwamba wazazi ndio wanaowawekea watoto akiba, wala si watoto kuwawekea wazazi. Kisha anasema yuko tayari, tena kwa furaha, kutumia alicho nacho na yeye mwenyewe kutumika mpaka aishe kwa ajili yao. Na swali lake linauma: je, akizidi kuwapenda, ndipo wao wapungue kumpenda?

Kila mmoja wetu ana watu waliokuwa kuta zake. Dada mkubwa aliyeacha shule ili wadogo zake wasome. Katekista aliyekufundisha sala bila posho. Mwalimu uliyemnunia kwa sababu hakukubali uongo wako. Watu hawa walitupa joto, na zaidi ya hilo, waliupokea uchafu wetu. Walizibeba hasira zetu na jeuri yetu wasiturudishie, na jambo hilo likawala wao wenyewe.

Hata hivyo, tusiligeuze fundisho hili kuwa mzigo. Murage huona ukuta umekwisha, akasimamisha kazi. Katika jumuiya zetu yupo yule mmoja anayeshika daftari, anayefundisha kwaya, anayelala hospitalini na wagonjwa. Tunamsifu kwa kujitoa, kisha tunamwongezea kazi nyingine. Kumsifu mtu huku tunammaliza si upendo. Viongozi, kumwangalia huyo ni wajibu wetu.

Nawe unayejitoa, kumbuka kilicho chini. Chini ya tatara umechimbwa msingi wa mita kadhaa wa kuzuia unyevu. Kuta zikibomolewa, msingi hubaki, na kuta mpya husimamishwa juu yake. Wakorintho haohao waliambiwa na Paulo kwamba msingi ni mmoja, Yesu Kristo. Wewe ni ukuta, na ukuta una siku zake. Ukipumzika, Kanisa la Mungu halitaanguka.

Juma hili tufanye mambo mawili. Kwanza, mtaje mtu mmoja aliyekuwa ukuta wako. Akiwa hai, mpigie simu umshukuru kwa jambo alilokufanyia, ulitaje waziwazi. Akiwa ametangulia, mwombee kwa jina. Pili, mtafute mmoja anayechoka karibu nawe, uchukue zamu yake moja. Usimwulize kama anahitaji msaada, maana atasema hapana. Mwambie siku utakayofika.

Tuombe: Ee Bwana, uliyejitoa kwa ajili yetu, wabariki waliotumika ili sisi tusimame. Utuondolee utovu wa shukrani. Utupe macho ya kumwona anayechoka na mikono ya kumpokea mzigo. Nasi zamu yetu ikifika, tutumike kwa furaha, na ikiisha, tukuachie wewe kazi. Amina.